PCR au kusoma jeni zote? Tuangalie kwa chikungunya
Wana Mtwara, chikungunya, homa ya kirusi inayoenezwa na mbu, ilitambuliwa huku huku kwetu, mlipuko wa 1952-53 kule uwanda wa Makonde, Newala na Masasi. Sasa ukitaka kuipima leo, PCR, kipimo cha maabara, inatafuta kipande kidogo tu cha jeni za kirusi, majibu ndani ya masaa, na kwa mgonjwa mwenye homa na viungo vinamkaba hiyo inatosha.

Ila PCR inakwambia kipo au hakipo, basi. Kusoma jeni zote ni habari nyingine kabisa, unapitia herufi zote za maandishi ya jeni za kirusi, karibu 12,000, na ndo maana mlipuko wa kisiwa cha Réunion 2005-06 wataalamu waliona herufi moja tu imebadilika, ikafanya kwenye protini ya E1, ya ganda la kirusi, nafasi ya 226, kiungo kinachoitwa alanini kiwe valini, na hapo mbu Aedes albopictus akaanza kukieneza vizuri zaidi kuliko mwanzo. Herufi moja jamani!

Kweli mashine na kemikali zake ni ghali, na data inataka mtu anayejua kuichambua. Mi naona wagonjwa wapimwe PCR, lakini kila mlipuko sampuli chache zisomwe jeni, hasa huku kwetu penye bandari, meli za korosho zinaingia na kutoka.