Domeni kwa Anayeanza: Usiangalie Bei ya Mwaka wa Kwanza!

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo hakuna simu, hakuna spika, hakuna chaja. Leo nachambua bidhaa isiyoshikika: domeni, yaani jina la tovuti, kama yale yanayoishia na .com. Mmeuliza sana mtu anaanzaje kununua majina ya intaneti, kuyauza, na kuyajenga yawe tovuti. Mambo ya kiufundi ya ndani naruka. Mimi nataka tukae kwenye kitu kimoja tu, kikapu cha malipo. Kinanikera, jamani!

Tazameni skrini. Nimeingia kwa msajili mmoja, yaani kampuni inayokuandikishia domeni, jina lake nimelifunika maana sitaki kesi. Naandika jina nililolibuni sasa hivi. Lipo, halijachukuliwa. Bei imeandikwa kwa herufi nene, rangi ya chungwa, ndogo mpaka unacheka. Mkono tayari unaenda kwenye kitufe. Ngoja kwanza. Shusha macho. Hapo chini, kijivu juu ya nyeupe, subiri nikuze… mnaona? "Baada ya hapo, kwa mwaka." Hiyo ya pili ndiyo bei. Hiyo ya juu ni chambo.

Naongeza kwenye kikapu. Sikuchagua miaka, lakini imeshajiweka mitatu. Narudisha mmoja. Cheti cha SSL, kile cha kulinda mawasiliano ya tovuti, kimetiwa tiki. Toa! Shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti hivyo bure kabisa, na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zinakuwekea zenyewe. Barua pepe ya biashara, toa. Kuficha jina na anwani yako kwenye kumbukumbu za umma, hiyo unaihitaji, lakini wasajili wengi siku hizi hawatozi kitu. Hapa wanatoza. Halafu ukurasa mwingine unafunguka, "je, hutaki na .net yake?" Sitaki! Ningeitaka ningeitafuta.

Sasa kwa nini napiga kelele hivi? Kwa sababu domeni huinunui, unaipanga, kama chumba. Hakuna anayekuuzia iwe yako milele. Muda mrefu zaidi wa kulipia kwa mpigo ni miaka 10, kisha unalipa tena. Mlanguzi anayeanza anaona ofa, anazoa majina hamsini kwa pesa kidogo, anajiona tajiri. Mwaka unageuka. Chukua .com peke yake. Verisign ndio wanaoendesha .com yote, na bei yao ya jumla kwa wasajili ilipanda Septemba 2024 ikawa dola 10.26. Zidisha mara hamsini: dola 513. Kila mwaka. Hapo msajili hajaweka faida yake, na majina yamelala tu.

Lakini .com angalau inatabirika. Balaa ni ile miisho mipya ya majina iliyomiminika baada ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, kufungua mlango wa maombi mwaka 2012. Huko utakuta jina limewekwa daraja la juu, unalipa bei kubwa kulipata, na kulipia upya nako ni bei kubwa vilevile. Soma kabla hujabonyeza. Na mnaonitumia ujumbe kuhusu .ai, sawa, naielewa homa yenu. Ule ni mwisho wa kisiwa cha Anguilla, umepanda chati kwa sababu ya akili unde. Ila unasajili kwa miaka miwili kwa pamoja, na si bei ya chini. Kwa kuanzia, mimi bado niko na .com. Zile .xyz za bei ya kutupa… Alphabet, wenye Google, wanatumia abc.xyz, ni kweli. Wewe si Alphabet.

Kabla sijasahau: maswali yenu ya domeni nitayajibu mubashara, kwa hiyo bonyezeni kengele. Tuendelee.

Kuuza. Kila mtu ananitajia Voice.com, iliyouzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Ndiyo, MicroStrategy waliiuza kwa Block.one. Neno moja la Kiingereza, kila mtu analijua, na .com. Hilo lako lenye vistari viwili na tarakimu katikati halimo kwenye ligi hiyo. Fungua NameBio, tovuti yenye kumbukumbu za mauzo ya domeni, angalia majina yanayofanana na lako yameuzwa kwa kiasi gani, kisha uje tuzungumze bei. Na usisajili jina la kampuni ya watu ukitegemea watakununua. Tangu 1999 kuna utaratibu wa kutatua migogoro ya domeni unaoitwa UDRP. Mwenye alama ya biashara anakushtaki, mara nyingi kupitia WIPO, Shirika la Dunia la Mali Miliki, na akithibitisha, pamoja na mengine, kwamba ulikuwa na nia mbaya anakabidhiwa jina, na wewe hupati hata senti.

Mnunuzi akija, pesa ipite kwa mtu wa kati. Escrow.com wanafanya kazi hiyo: anawalipa wao, wewe unahamisha jina, wao wanakulipa. Kuhamisha ni kulifungua kufuli la domeni na kumpa mnunuzi msimbo wa uhamisho. Kama umelisajili juzi tu, msajili anaweza kukataa kulitoa kwake mpaka zipite siku 60, lakini mkiwa wote kwa msajili huyohuyo, mara nyingi linasukumwa tu kutoka akaunti hadi akaunti. Na akitokea "mnunuzi" mwenye hamu kupita kiasi, anakutaka kwanza ulipie cheti cha thamani kwenye tovuti fulani anayoijua yeye, huyo ni tapeli. Funga barua pepe, endelea na shughuli zako.

Majina yaliyoachwa? Hapo ndipo ninapopapenda. Jina la .com likiisha muda, msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45, kisha zinakuja siku 30 za kulikomboa kwa ada nzito, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, ndipo linaachiwa. Ila mazuri hayafiki huko, yanaishia kwenye mnada wa msajili mwenyewe. Kwa hiyo weka macho mnadani, na kagua Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za intaneti, uone jina lilitumikaje zamani. Unaweza kuokota jina zuri kumbe lilikuwa tovuti ya kamari bandia.

Je, naipendekeza bidhaa hii? Nimeiponda dakika zote hizi, lakini ndiyo, ukianza na majina machache, na angalau moja ulijenge. Kurasa chache zenye maelezo ya kweli, fomu ya mawasiliano, na mstari unaosema jina linauzwa. Kwangu mimi hilo ni bora kuliko kuliegesha lijae matangazo matupu. Likipata wasomaji, linaweza kujilipia.

Haya, zamu yenu. Fungua akaunti yako sasa hivi, tafuta bei ya kulipia upya, si ya kuanzia, uiandike hapo chini pamoja na mwisho wa jina, bila kutaja jina lenyewe maana humu kuna wezi wa mawazo. Atakayeleta bei ya kutisha kuliko zote, nitamkuza kwenye skrini tukiwa mubashara.