TAHADHARI WANA TANGA: Fundi umeme wa Ngamiani kaniuzia kontroli boksi (ubongo wa injini ya gari) yangu mwenyewe!

Jamani, nina hasira hata mikono inatetemeka. Kuna kijana anazunguka gereji za Ngamiani na begi jeusi, anajiita fundi umeme. Huyo ni mwizi.

Gari langu siwezi kuliacha lilale. Taa nyekundu ya ufunguo pale dashibodi ikawa inapepesa hata nikifungua swichi. Stata inapiga vizuri, injini haiwaki. Kaja na ovaroli safi, kachomeka kidude chini ya usukani, kanionyesha simu imejaa maandishi mekundu. "Mama'ngu, kompyuta haidanganyi, kontroli boksi imekufa." Nani asingeamini? Kaletwa na jirani, kaomba maji akatawadha, kaswali adhuhuri barazani kwangu kabla ya kushika spana! Nikamrushia 380,000. Kang'oa boksi, kapanda nayo bodaboda "akailinganishe na mpya", karudi magharibi na boksi inang'aa, stika mpya. Kafunga, gari likawaka papo hapo. Nikampa na chai ya tangawizi, mshenzi yule.

Taa ikarudi, namba yake haipatikani. Mzee mmoja fundi wa Mikanjuni kafungua kava la usukani: ile koili inayozunguka tundu la ufunguo, inayosoma chipu iliyo ndani ya ufunguo, plagi imelegea. Kaisukuma kwa kidole, taa ikazima. Basi! Nikamwambia atoe na boksi. Kubandua stika, chini yake namba ya gari kwa maka peni, mwandiko wa marehemu mume wangu, na saba yake yenye kamstari katikati. Nililia palepale.

Mzee anasema gari likizimwa taa hiyo kupepesa ni kawaida, linajilinda na wezi. Ikipepesa na swichi umefungua, jaribu kwanza ufunguo wa akiba, pima betri. Na boksi ya gari jingine kwa kawaida haiutambui ufunguo wako mpaka usajiliwe. Yule hakusajili chochote! Vile vidude vya bei chee navyo vingi husoma injini tu, mambo ya ufunguo havisomi.

RB ya polisi ninayo. Ukimwona na lile begi, mzuie, nipigie. Msimpige. Namtaka mzima, asimame kizimbani mbele ya mama yake.