Kisu kipi kwanza? Visu vya jikoni, kuanzia cha lazima hadi cha kuacha dukani

Kuna sauti moja kwenye vipindi vya mapishi ambayo hunizuia kubadilisha chaneli: ile tk-tk-tk ya kisu juu ya ubao, kitunguu kinageuka vipande vya ukubwa mmoja kabla mpishi hajamaliza maneno yake. Kipindi kikiisha unaingia jikoni kwako, unashika kisu chako, na nyanya inapondeka badala ya kukatika. Hapo ndipo wengi hukimbilia dukani na kurudi na boksi la visu kumi na viwili. Nami nilifanya hivyo. Vinane kati yake sijavitumia hadi leo, na vinne vilivyobaki vilikuwa butu kabla ya mwaka kwisha.

Raha ile ya kwenye kioo hailetwi na wingi wa visu, inaletwa na makali. Kwa hiyo nimevipanga kwa jinsi kila kimoja kitakavyokufikisha kwenye makali hayo, na kukuweka hapo.

1. Kisu cha mpishi, bapa la sentimita 20

Kama utanunua kimoja tu maishani, ni hiki. Kinakata mboga, nyama isiyo na mifupa, majani ya kuungia, hata tikiti. Urefu wa sentimita 20 unatosha mikono mingi. Mwenye viganja vidogo au ubao mdogo ashuke hadi 18.

Dukani utakutana na familia mbili. Visu vya mtindo wa Kijerumani ni vizito, tumbo la bapa limepinda, na chuma chake ni laini kidogo, kiasi cha 54 hadi 58 kwa Rockwell, kipimo cha ugumu wa chuma. Vya Kijapani ni vyembamba na vyepesi, na vingi hufika 60 au kuzidi. Chuma kigumu hushika makali kwa muda mrefu, lakini humeguka ukikipiga kwenye mfupa au ukikigeuza upande katikati ya kukata. Chuma laini hupoteza makali mapema, ila husamehe. Kwa nyumba ambamo kila mtu anashika kisu, pamoja na wale wanaokitumia kufungulia makopo, chukua cha Kijerumani. Ukiwa unapika peke yako na una subira, chukua cha Kijapani. Santoku, kile kifupi chenye ncha iliyoinama, nakiweka hapa hapa: ni mbadala wa kisu cha mpishi, kwa hiyo usinunue vyote viwili.

Usikinunue bila kukishika. Bana bapa kwa kidole gumba na cha shahada pale linapokutana na mpini, vidole vitatu vilivyobaki vizunguke mpini. Mkono ukihisi unalazimishwa, rudisha. Jina lililoandikwa kwenye bapa halitaupumzisha mkono wako.

2. Jiwe la kunolea

Najua, si kisu. Lakini waliosema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama hawakutaja kisu kipya. Kila kisu huwa butu, cha bei juu na cha bei chini, na asiye na jiwe anakuwa amenunua raha ya miezi michache.

Jiwe moja lenye pande mbili linatosha (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi): upande wa namba 1000 kurudisha makali, na upande kati ya 3000 na 6000 kuyalainisha. Visu vya Kijerumani hunolewa kwa pembe ya karibu digrii 20 kila upande, vya Kijapani karibu 15. Mara ya kwanza utaharibu kidogo, kwa hiyo anza na kisu usichokipenda. Ile fimbo ya chuma ambayo wapishi wa televisheni huipitishia kisu kwa mbwembwe hainoi hasa: inanyoosha makali yaliyolala. Ni nzuri kwa chuma laini, lakini haichukui nafasi ya jiwe.

Kisu kikali pia hupunguza machozi. Kitunguu hutoa gesi inayochoma macho pale chembe zake zinapopasuka, na kisu butu huziponda nyingi zaidi.

3. Kisu kidogo cha kumenyea

Sentimita 8 hadi 10, kwa kazi za mkononi: kumenya, kutoa macho ya viazi, kukata kitunguu saumu. Usitumie fedha nyingi hapa.

4. Kisu cha meno

Cha mkate, keki na nyanya zilizoiva sana. Kiwe kirefu, sentimita 22 au zaidi, maana kifupi kinakulazimisha kusaga badala ya kukata. Meno yake ni taabu kunoa nyumbani, kwa hiyo chukua cha bei ya wastani, ukibadilishe siku kikichoka.

5. Chuma cha kaboni na kauri

Hivi ni vya wapenzi wa visu. Chuma cha pua hakishiki kutu kirahisi kwa sababu kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Chuma cha kaboni hakina kinga hiyo: kiache na maji ya limau usiku mmoja, asubuhi kina madoa. Kwa upande mwingine kinanoleka vizuri mno. Kauri haishiki kutu kabisa na hukaa na makali muda mrefu, lakini ikianguka sakafuni huenda ukaokota vipande.

Ukiwa mtu wa kusafiri, Tokyo kuna mtaa wa Kappabashi unaouza vyombo vya jikoni mwanzo hadi mwisho. Utajua umefika ukiona kichwa kikubwa cha mpishi juu ya jengo. Hata bila kununua kitu, ni matembezi mazuri kuliko minara kadhaa niijuayo.

Popote utakakonunua, ubao uwe wa mbao au plastiki, kamwe usiwe wa kioo au jiwe. Osha kwa mkono, futa papo hapo, na usikitupe kisu kwenye droo pamoja na vijiko. Jiko la Julia Child, mpishi aliyeanza kipindi chake cha mapishi kwenye televisheni nchini Marekani mwaka 1963, sasa liko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, na visu vyake vimening'inia ukutani kwenye sumaku. Njia hiyo bado haijapitwa.

6. Seti nzima kwenye gogo la kuchomekea visu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hakuna kinachojitembeza kama seti. Fedha ya kisu kimoja kizuri imegawanywa mara kumi na mbili. Vile vyangu? Kimoja nafungulia maboksi. Vingine viko kwenye gogo lao, vinapendeza ukivitazama kwa mbali.