Mti wa matunda wa kwenye ndoo: ununue upi kama unaishi Dar

Wadau, kabla hujasimamisha bajaji kwenye wauza miche, onja kwanza maji unayomwagilia. Sio utani. Dar hii wengi tunatumia ya kisima na visima vingi vina chumvi, sasa chumvi ndani ya ndoo haina pa kwenda, inajikusanya humo humo mpaka majani yanaungua pembeni, we unadhani ugonjwa unakimbilia dawa.

Namba moja yangu ni ndimu, ila kwa mwenye maji yasiyo na chumvi tu. Inazaa ikiwa fupi, na jikoni haikai bure, samaki, kachumbari, supu, yote inataka ndimu. Chukua mche wa kubebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mti mwingine, angalia shina kwa chini utaona kovu, kama limejikunja kidogo, usipoliona huo ni wa mbegu hata muuzaji aape. Mi niliuziwa embe "ya kisasa", shina limenyooka kama fimbo, mwaka wa 4 huu navuna majani. Chipukizi likitoka chini ya kovu kata, shina la chini mara nyingi ni la limau na likiachwa linaimeza ndimu yako. Na ukiona kwenye jani kitu kama mavi ya ndege halafu kinatembea, hicho kiwavi cha kipepeo, kitoe kwa mkono asubuhi hiyo hiyo, vikiwa vitano mche mdogo unabaki kijiti.

Maji yako yana chumvi? Basi komamanga ndo namba moja yako, linavumilia kuliko ndimu na jua la Dar halilitishi. Lina miiba kidogo, na ukilisahau wiki nzima halafu ukalimwagia kwa fujo matunda yanapasuka.

La tatu mpera. Unaukata utakavyo, maua yanakuja kwenye tawi jipya, ila yavishe mapera mifuko ya karatasi yakiwa bado madogo la sivyo inzi anakula kabla yako.

Papai la nne, linawahi kuzaa lakini ni bahati nasibu, unaweza kulea dume miezi kibao, na masika moja kwenye ndoo isiyo na matundu mizizi inaoza. Embe mwisho, linataka nusu pipa na udongo ukilowa ni zaidi ya kilo 100, wa ghorofani ongea na mwenye nyumba kwanza.

Parachichi la Hass na apple achana nazo, hizo za kina Njombe, "inakubali bosi" ya muuzaji isikudanganye.

Na mche mdogo unaoning'iniza matunda usikutoe udenda, nyanyua kiriba (mfuko wa mche) uangalie chini, mizizi ikiwa imetoka nje na kujizungusha, mrudishie mwenyewe.