Fundi fremu wa Gerezani anayeanza na mgongo wa picha

Kama unaishi Dar na una karatasi yenye umri unayotaka kuitundika ukutani, iwe cheti cha babu cha enzi za Tanganyika, ramani ya zamani au mchoro wa chapa kutoka Ulaya, mpelekee mzee huyu. Duka lake halina kibao. Shuka mwendokasi kituo cha Gerezani, ingia upande wa Kariakoo, ulizia fundi vioo mzee. Wauza kahawa wa pale watakuelekeza. Nje ameegesha vioo vya saluni. Ndani kuna picha za mahafali, maharusi, aya za Kurani zilizotariziwa kwa uzi wa dhahabu, na Rais wa kila saizi kwa ajili ya maofisi. Ukiona hayo utadhani umepotea. Ingia tu.

Mimi nakusanya nyuso za wachoraji walizojichora wenyewe, hasa Waitaliano. Picha halisi za rangi ni za makumbusho na wenye hela zao. Ninazozimudu ni chapa za shaba, yaani nakala zilizochongwa kwenye bamba na kupigwa kwenye karatasi miaka hiyo ya zamani. Iliyonipeleka Gerezani ni ya Annibale Carracci, mzaliwa wa Bologna mwaka 1560, aliyefia Roma 1609. Imetoka kwenye juzuu za Museo Fiorentino zilizochapwa Florence kati ya 1752 na 1762. Kardinali Leopoldo de' Medici, wa ukoo uliotawala Florence, alikuwa na ugonjwa huu huu wangu, ila yeye alikuwa na hazina ya ukoo nyuma yake. Tangu miaka ya 1660 alikuwa akikusanya picha za wachoraji waliojichora, na alipofariki mwaka 1675 ndugu zake wakaendeleza. Mkusanyiko huo uko Uffizi, jumba la makumbusho la Florence, mpaka leo. Karne iliyofuata mchapaji Francesco Moücke akaziingiza vitabuni: Giovanni Domenico Campiglia akachora nakala, wachonga nakshi wakazihamishia kwenye shaba. Vitabu vile vingi vimeshachanwa na wafanyabiashara wa vitu vya kale, vinauzwa ukurasa mmoja mmoja, na ndiyo maana mtu wa mshahara kama mimi anaambulia. Wangu niliupata kwa euro 70. Shemeji ndiye aliyeniletea, kaubana kati ya kadibodi mbili chini ya sanduku.

Nilikuwa na sababu ya kutafuta fundi kwa makini. Chapa yangu nyingine niliwahi kuipeleka kwenye duka la fremu lenye kiyoyozi na wahudumu wa tabasamu, jina nalihifadhi. Wakaipunguza pembeni ili iingie kwenye fremu waliyokuwa nayo, kisha wakaibandika yote mwili mzima juu ya hadibodi kwa gundi ya seremala. Sikuulizwa. Mji huu umezoea Tingatinga, picha inayozaliwa juu ya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile unaweza kuigongea hata misumari ikavumilia. Karatasi ya zaidi ya miaka 250 haivumilii hayo, na ukingo walioukata ndio uliobeba alama ya bamba, ule mfinyo unaobaki pale shaba ilipokandamizwa kwenye karatasi mbichi. Mnunuzi yeyote wa chapa anaanza kuangalia hapo.

Sasa mzee.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini, cheti?"

Nikafungua kadibodi. Akaiangalia bila kuigusa, akaenda kunawa mikono kwenye ndoo, akajifuta mpaka kati ya vidole. Ndipo akainyanyua kwa mikono miwili, akaipeleka mlangoni na kuilaza kidogo ili mwanga uipitie juu. Akanionyesha mfinyo wa bamba kwa njiti ya kiberiti, njiti yenyewe ikiishia hewani. "Hapa pasikatwe," akasema kabla sijafungua mdomo. Akaiinua dhidi ya jua, ikaonekana ile mistari myembamba iliyoachwa na waya za chekeche la mtengeneza karatasi. Kisha akaigeuza, na nyuma ndiko alikokaa sana. Kulikuwa na madoa ya kahawia kwenye pembe ya chini, na mabaki ya selotepu ya zamani yaliyogeuka rangi ya asali.

"Mbele mzima. Mgongo unaumwa."

Maswali yaliyofuata yalihusu nyumba yangu. Utaitundika ukuta wa nje au wa ndani? Dirisha liko upande gani? Kiyoyozi unawasha usiku kucha, au unawasha ukizima? Nikashangaa anauliza ya nini. Akasema chumba kinachopoa na kupata joto kila siku kinaifanya karatasi ivute maji na kuyatoa, ivute na kuyatoa, mpaka inajikunja. Ukuta wa nje nao hutoka jasho wakati wa masika, na nyuma ya fremu iliyogandana na ukuta ndiko ukungu unakoanzia. Yale madoa ya kahawia ni kazi ya unyevu, ukungu na chembe za chuma zilizomo kwenye karatasi. Hakuahidi kuyatoa, na alinionya nisimruhusu mtu yeyote ayaguse kwa jiki. Kwa jibu hilo peke yake alishanipata.

Kuna fremu mbovu ameitundika makusudi karibu na meza yake kwa ajili ya wabishi. Ni picha ya familia iliyozungushiwa maunti ya kawaida, ile bodi yenye dirisha. Ukingo wa dirisha, pale bodi ilipokatwa mshazari, umegeuka rangi ya chai ya rangi, na akiinua bodi unaona mstari wa kahawia umeungua kwenye picha yenyewe, umefuata dirisha pande zote nne. Hiyo ni asidi ya bodi ya massa ya mbao. Carracci wangu yuko kwenye karatasi ya matambara, hasa ya kitani, ndiyo maana bado mweupe. Ingekuwa dhambi kumlaza na bodi ya namna ile. Bodi ya pamba isiyo na asidi anayo, anaagizia, anaihifadhi imefungwa nailoni juu ya kabati. Rangi ni mbili tu, nyeupe na maziwa. Ukitaka kijani cha saluni, nenda kwingine.

Picha yenyewe haikubandikwa. Inaning'inia kwa vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba ya Kijapani upande wa juu, kwa gundi ya wanga wa ngano aliyoipika kwenye jiko la mafuta na kuichuja kwa kitambaa. Gundi hiyo siku yoyote inalainika kwa maji kidogo, picha ikatoka salama. Karatasi ya Kijapani nilikuja nayo mimi, yeye huwa anatumia karatasi nyingine aliyonayo ambayo sikuipenda sana. Pia alitaka kutia dawa ya mende kwenye gundi. Nilikataa, tukabishana kidogo, akakubali kwa kuguna.

Akiwa anakata bodi aliniuliza huyu mwenye ndevu ni nani. Nikamwambia ni mchoraji ambaye miaka ya 1580 alimchora mtu wa kawaida mezani, mdomo wazi, kijiko kinachuruzika, anakula bakuli la maharage. Picha iko Roma kwenye jumba la Colonna. Ukiitazama vizuri punje zina jicho jeusi, kunde hasa. Mzee akasimamisha kisu. "Wenzake wanachora wafalme, yeye anachora mla kunde?" Wenzake pia walichora watakatifu, nikasema, na yeye alichora. "Basi huyu tumuwekee mbao ya kweli." Nadhani pale ndipo nilipopunguziwa bei.

Kwa kuwa anauza vioo, alikuwa na swali ambalo wasomi wengi hawajanijibu vizuri: mtu aliyejichora kwa kujitazama kwenye kioo, kulia kwake kunakuwa kushoto, je, chapa inamrudisha? Inategemea mchongaji. Bamba hugeuza picha linapochapa, kwa hiyo aliyechonga kama anavyoona atatoa uso uliogeuka tena. Mzee akachukua kioo cha saluni, akakisimamisha mbele ya Carracci, tukamtazama pande zote mbili.

Fremu ni ya mninga, nyembamba, imepakwa nta tu. Alinionyesha kwanza zile za plastiki zenye dhahabu na maua, kama wajibu, bila hamasa. Kioo ni cha kawaida. Cha kuzuia mionzi ya jua hana, na bei yake huko kinakoagizwa inatisha, kwa hiyo akanisisitizia nisiitundike mkabala na dirisha. Kioo hakigusi karatasi. Nyuma kuna bodi ile ile ya pamba, kisha plastiki yenye migongo kama bati, na pembe za chini amegundisha vipande vya kizibo ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta.

Sasa lawama. Alichelewa, na sababu zilikuwa umeme, kisha msiba, kisha umeme tena. Nilipoifuata mara ya kwanza kulikuwa na kiunywele ndani ya kioo, kimelala juu ya bega la Carracci. Akaifungua na kuisafisha mbele yangu bila kununa, lakini asingesubiri nimwambie mimi. Pembe moja ya fremu ina mwanya mdogo alioujaza kwa vumbi la mbao na gundi, ukipitisha kucha unausikia. Kamba ya kutundikia ilikuwa ya katani, nikabadilisha kwa waya. Risiti niliidai mwenyewe, ikabidi kijana wake atafute mashine.

Jumla shilingi 210,000. Madukani fremu ya ukubwa huo hupati shida kuipata kwa 60,000, na kwa cheti cha kozi ya wiki mbili nakushauri uende huko huko. Kwa kitu ambacho hakina mwenzake, hii 210,000 ni haki, na anapokea nusu kwanza kwa lipa namba.

Usiende Jumatatu, ni siku ya maofisi na Rais. Ijumaa anafunga kabla ya swala na kufungua akijisikia. Maegesho hakuna, na bajaji zinazibana njia, kwa hiyo ukifuata mzigo nenda na mtu wa kuubeba. Mwambie mapema kwamba dawa ya mende hutaki.