Kidole cha mama yangu na viza ya Ulaya: yaliyotukuta Mumbai

Naandika tathmini hii nikiwa bado na hasira, kwa hiyo atakayeona nimetia chumvi anivumilie. Ila sijatia. Yule kijana wa kaunta ya maombi ya viza alimshika mama yangu kidole gumba bila hodi, akakikandamiza kwenye kioo cha mashine ya alama za vidole kama karani anayepiga muhuri kwenye risiti. Mama ana miaka 71. Akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, polepole, kama hataki kumwaibisha mtoto wa watu: "Mwanangu, huyu ananivunja."

Najua ndugu zangu wa Dar mtacheka. Mhindi naye anahangaikia viza? Si mna hela nyie? Jamani, pasi haiulizi una duka wapi. Pasi yangu ni ya India, na ya Mama pia. Mama alishuka bandarini Dar akiwa bi harusi, na meli ya Karanja, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akakaa Upanga zaidi ya miaka arobaini, lakini uraia hakubadili. Uraia pacha Tanzania hairuhusu na India hairuhusu, kwa hiyo ukishika mmoja umeshika na mzigo wake. Mimi nilizaliwa Dar. Imeandikwa hivyo kwenye pasi, na kila afisa anayeifungua hunitazama mara ya pili. Baba alipofariki nikamleta Mama Mumbai ninakofanya kazi. Nyumbani tunaongea Kikachi, lugha yetu ya asili. Tukitaka kumsengenya mtu ndani ya lifti tunahamia Kiswahili.

Mama alitaka kuona theluji, basi. Ameiona tangu ujana wake kwenye sinema za Kihindi pale Avalon, dada anaimba juu ya barafu na sari nyepesi, mabega wazi, na swali la Mama halijawahi kubadilika: "Hasikii baridi?" Nikaona nimpeleke akajionee kabla magoti hayajamkatalia ngazi.

Habari za makaratasi sitawachosha nazo, yameorodheshwa kwenye tovuti na kila mtu anaweza kusoma. Ninachosema ni kwamba ukiwa na pasi hii unaapa mara tano kuwa utarudi kwenu. Ritani za kodi za miaka mitatu. Taarifa ya benki ya miezi sita, na muhuri wa benki wa kweli, si uliochapwa na kompyuta. Barua ya mwajiri kwamba nina likizo na kiti changu kinanisubiri. Bima ya angalau euro 30,000 kwa bibi anayekwenda kutazama barafu. Na kwa kuwa Mama hana kazi, barua yangu kwamba mimi ndiye nitakayelipa, na uthibitisho kwamba mimi ni mtoto wake. Miadi yenyewe nilikesha naitafuta karibu mwezi mzima. Ukiamka asubuhi nafasi zote zimeshachukuliwa na mawakala.

Hayo yote niliyavumilia. Nimeshawahi kupata viza hizi kwa safari za kazi, nazijua. Hata siku yenyewe nilikuwa na moyo mweupe. Mvua za Mumbai zilikuwa zimeanza, barabara imejaa maji, simu na pochi tumeziacha kwa muuza tambuu nje ya jengo maana ndani haziruhusiwi. Mama amevaa sari yake ya harusini, ile ya kijani, kwa sababu anakwenda "ubalozini". Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba pale si ubalozini. Ni kampuni tu iliyopewa kazi ya kupokea makaratasi na kuchukua alama za vidole. Viza haitolewi pale wala hainyimwi pale. Kumbukeni hilo, maana jeuri niliyoiona pale ungedhani kijana anagawa pepo.

Makaratasi yalipita. Picha yangu ilipimwa kwa rula, milimita 35 kwa 45, ikapita. Ikaja zamu ya vidole. Mashine ni kiboksi chenye kioo kinachowaka kijani: unaweka vidole vinne vya kulia, kisha vinne vya kushoto, kisha gumba zote mbili pamoja. Mimi walichukua alama zangu za zamani, kwa sababu zinatumika tena ukiomba ndani ya miezi 59. Mama ilikuwa mara yake ya kwanza.

Vinne vya kulia: taa ikawaka. Nyekundu. Tena. Nyekundu. Kijana akamfuta Mama vidole kwa karatasi yenye maji, kwa haraka, kama mtu anayefuta meza. Nyekundu. "Anti, bonyeza! Bonyeza kwa nguvu!" kwa Kihindi, sauti juu, foleni nzima ikageuka. Mama akabonyeza mpaka kucha zikawa nyeupe. Nyekundu. Ndipo alipomshika.

Sasa nisikilizeni kuhusu hivyo vidole. Mama amepika chapati tangu ana miaka kumi na miwili na hajawahi kutumia kijiko kuigeuza. Anaigeuza kwa ncha za vidole, kwenye chuma cha moto, huku anaongea na wewe. Dar alikuna nazi kwenye mbuzi kila siku ya Mungu. Alimenya tangawizi, alishona vitufe vya mashati ya duka la Baba. Ukimtazama karibu, ncha za vidole vyake zinang'aa, laini kama kijiwe kilichosuguliwa na maji. Vile vijistari vimekwisha kabisa. Na si yeye peke yake. India nzima inajua shida hii kwa sababu ya Aadhaar, ile namba ya kitambulisho inayokwenda na vidole kumi na mboni za macho. Wazee, wakulima, wafanyakazi wa mijengo, wanakwenda kuchukua mchele wa serikali na mashine inawaambia wewe si wewe. Kijana wa miaka ishirini na kitu, Mhindi, Mumbai, hajui hilo? Bibi yake je, hapiki?

Akaniuliza, hakumuuliza Mama, akaniuliza mimi: "Anafanya kazi na kemikali?"

Nikamwambia mkono wa mama yangu si muhuri wa ofisi, auachie. Nilisema na mengine, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kihindi ili yamfikie. Akauachia. Akanuna. Akasema vidole visipopatikana maombi yatarudishwa, ada hairudi, na ada ni euro 90 ukiacha yao wenyewe ya huduma. Kisha, na hapa ndipo damu ilipopanda kichwani, akasogeza kikaratasi kidogo chenye bei: kuna chumba cha wateja maalumu, ukiongeza pesa, "kule mashine ni nzuri zaidi".

Nililipa. Nimeliandika nione aibu. Nililipa kwa sababu Mama alikuwa ameketi na sari yake ya kijani, amekunja mikono mapajani kama mtoto aliyechapwa.

Chumba chenyewe kina sofa, chai, kiyoyozi cha kugandisha samaki. Na mashine? Ileile. Kiboksi kilekile, kioo kilekile, hata stika ya ubavuni ni ileile. Kwa hiyo kama mnatafuta hukumu yangu, mpaka hapa ni sifuri, na ningekuwa na namna ya kuwapa chini ya sifuri ningewapa.

Ila.

Ndani mle kulikuwa na dada mmoja, labda miaka arobaini. Hakuanza na mashine. Alivuta kiti akaketi karibu na Mama, akamuuliza kama anaweza kumshika mkono. Akauchukua, akautazama, akasema: "Mikono ya mama yangu hii." Akafungua mkoba wake mwenyewe, akatoa losheni, akampaka kidole kimoja kimoja, akamsugua taratibu, huku anamuuliza chapati zake anatia samli au mafuta. Wakaongea mambo ya samli. Ikapita dakika kumi hivi. Kisha akamfuta, akamwekea vidole kwenye kioo kwa ubapa, si kwa ncha, akabonyeza kidogo tu kwa juu. Kijani. Vya kushoto vikaingia vitatu, cha nne kikagoma. Gumba zote mbili zikaingia. Akaandika kwenye kompyuta kwamba kimoja hakikupatikana, akamwambia Mama basi, tumemaliza, kunywa chai.

Kimoja hakikupatikana na dunia haikuanguka! Nilivyorudi nyumbani nikaenda kusoma kanuni yenyewe ya viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya. Imeandikwa wazi: vidole kumi visipowezekana, vichukuliwe vile vinavyowezekana, na ambaye haiwezekani kabisa anasamehewa. Sheria wanayo. Kijana ama haijui ama anaijua na ana kile kikaratasi cha bei cha kuuza. Sijui kipi ni kibaya zaidi.

Na hapo ndipo ninapokwama na hii tathmini. Yule dada ni huduma bora kuliko yote niliyopata kwenye ofisi yoyote, na nimepita ofisi nyingi, Dar na hapa. Lakini niliununua ule upole. Aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni, mzee mwenye viganja vya mkulima, kaja na mwanawe, sijui kama alikuwa nazo za kuongeza. Kisha najijibu mwenyewe: losheni ilikuwa ya mkoba wake, haikuwamo kwenye bei. Haya, tuseme nimekosea kumweka kapu moja na waajiri wake.

Pasi zilirudi baada ya wiki mbili na kitu. Nililipia ujumbe wa simu wa kutufahamisha hatua kwa hatua. Hatua zote zilipita kimya. Yangu imetoka ya miaka miwili, kuingia na kutoka nitakavyo, kwa sababu tangu Aprili 2024 Wahindi wanaoishi India wamewekewa utaratibu huo, ukishapata viza mbili ndani ya miaka mitatu na kuzitumia vizuri. Ya Mama siku 12, kuingia mara moja. Kwa hiyo nina ruhusa ya kwenda kwenye theluji miaka miwili mtu ninayempeleka akiwa amebaki nyumbani. Nilicheka peke yangu jikoni.

Tulikwenda. Mama alisimama juu ya theluji na makoti mawili na kofia ya sufu, akainama, akaichota kwa mkono mtupu, akaishika mpaka ikayeyuka. Akasema yule dada wa sinema lazima alikuwa mgonjwa.

Ujumbe wa simu mmoja ulifika hatimaye, tukiwa tumesharudi. Unaniomba nitathmini huduma, nyota moja hadi tano. Mama anasema niweke tano kwa ajili ya dada wa losheni. Niliweka moja, nikafuta, nikaweka tatu. Kisha Mama akapita na sahani, nikaona kile kidole gumba, nikarudisha moja. Sasa hivi ipo mbili, na sijabonyeza kutuma.