PinePhone: Kwa Simu ni ya Kawaida Tu, kwa Keneli Haina Mpinzani

Mambo vipi watazamaji, karibuni. Leo mezani tuna PinePhone, simu ya Linux ya Pine64, ile iliyoanza kuuzwa 2020 kwa dola 149. Niseme mapema, nisije nikalaumiwa kwenye komenti: kama unatafuta simu ya WhatsApp na picha za harusi, hii achana nayo. Prosesa ni Allwinner A64, kori nne za Cortex-A53, RAM GB 2 au 3 kutegemea toleo. Ukigusa skrini inajishauri kwanza ndipo ikujibu. Lakini kama unataka kukompaili keneli ya Linux mwenyewe, yaani kuujenga kiini cha mfumo kutoka kwenye msimbo wake, kuivuruga na kuifufua, kwa bei hiyo sioni mshindani.

Kwanza, kuiua kwa programu ni shughuli. A64 ikiwashwa inaangalia kadi ya SD kabla ya eMMC, hifadhi ya ndani. Umeharibu mfumo wa ndani? Chomeka kadi yenye mfumo mzima, washa, rekebisha. Hata kama kote hakuna kitu, chipu inaingia hali ya FEL, ya uokoaji, na unaisukumia U-Boot (programu inayoiwasha keneli) kwa waya wa USB kwa kutumia `sunxi-fel`.

Pili, na hili ndilo linaloipa simu hii thamani yake: fungua kifuniko cha nyuma, kucha inatosha. Angalieni hapa, karibu na kamera. Vile viswichi sita vidogo. Cha 1 kinakata modemu, cha 2 Wi-Fi na Bluetooth, cha 3 maikrofoni, cha 4 na cha 5 kamera. Cha 6 ukikizima kwa ncha ya kibanio, tundu la hedifoni linageuka kuwa mlango wa siriali, ambapo kompyuta inasoma maandishi ya simu inapowaka. Unahitaji kebo ya pini ya milimita 3.5 na adapta ya USB ya volti 3.3. Ya volti 5 iweke mbali, inaweza kuunguza pini za prosesa. Kwenye kompyuta andika `picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0`, kisha washa simu. Kama kimya, badilishana waya wa kutuma na wa kupokea; ndilo kosa la kila mtu.

Haya, kukompaili. Kwenye Debian au Ubuntu weka `build-essential bc bison flex libssl-dev libelf-dev gcc-aarch64-linux-gnu`. Acha GB 20 wazi kwenye diski. Usianze na mipangilio mitupu: toa ile inayofanya kazi kwenye simu, kwa `zcat /proc/config.gz`, iite `.config` ndani ya folda ya msimbo wa keneli, halafu `make ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- olddefconfig`. Kisha amri hiyohiyo, badala ya `olddefconfig` weka `-j4 Image modules dtbs`; `-j4` ni kazi nne kwa mpigo. Kompaila ikikatika na neno `Killed`, msimbo hauna kosa, RAM ya kompyuta imekwisha. Shusha hadi `-j2`. Ukifika kusakinisha moduli (vipande vya keneli vinavyopakiwa baadaye), kwenye `modules_install` ongeza `INSTALL_MOD_STRIP=1`, la sivyo zitajaza kadi.

Faili la dtb, ramani ya vifaa vya simu, lazima lilingane na bodi yako: `sun50i-a64-pinephone-1.1.dtb` si sawa na la 1.2. Keneli haina njia nyingine ya kujua kifaa gani kimefungwa kwenye pini ipi. Na ukiona `Starting kernel ...` kisha kimya, usikimbilie kusema imekufa. Mara nyingi inaendelea vizuri ila haijui iongee wapi. Ongeza `earlycon console=ttyS0,115200` kwenye amri za kuwashia.

Sasa tuje kwenye Wi-Fi, maana hapa ndipo watu wanapoacha nywele. Chipu ni RTL8723CS. Zamani ulilazimika kubeba draiva (programu inayoendesha kifaa) ya pembeni. Tangu Linux 6.10 draiva iko ndani ya msimbo wa keneli yenyewe, `CONFIG_RTW88_8723CS`. Umeiwasha, umekompaili, na `dmesg`, kumbukumbu za keneli, inakuambia hivi:

`Direct firmware load for rtw88/rtw8703b_fw.bin failed with error -2`

Namba -2 maana yake faili la firmware, programu ya chipu yenyewe, halikupatikana. Unaenda `/lib/firmware/rtw88`, unalikuta limekaa palepale. Unabaki kujiuliza kompyuta inadanganya au macho yako. Hakuna anayedanganya. Umeweka draiva kama `=y`, imeingia ndani ya keneli, na imeamka kabla diski haijafunguliwa. Wakati inauliza faili, `/lib` haikuwepo bado. Weka `=m` iwe moduli, au tia faili hilo ndani ya initramfs, mfumo mdogo unaopakiwa pamoja na keneli kabla ya diski. Na jina lenyewe lisikuchanganye: ni 8703b, si 8723, draiva ndivyo inavyoliita.

Ila kabla ya yote hayo, angalia kiswichi cha 2. Nasema kweli.

Mguso wa skrini ukigoma, weka `i2c-tools`, tafuta basi la I2C (njia ya mawasiliano kati ya chipu) kwa `i2cdetect -l`, kisha piga `i2cdetect -y 0` kama root. Chipu ya mguso, ya Goodix, inakaa kwenye anwani 5d. Ukiona `UU`, draiva imeshaishika. Ukiona `5d`, chipu ipo hai lakini haina mwenyewe, basi rudi kwenye `.config`. Ukiona vistari tu, chipu haina umeme au haijashikana, na umeme wake unatoka AXP803, chipu inayogawa umeme. Hapo soma `/sys/kernel/debug/devices_deferred`. Namba -517 kwenye `dmesg` si kosa, ni draiva inayosema "nasubiri mwingine kwanza". Ukikuta foleni nzima inasubiri, eMMC, skrini, mguso, bila shaka umezima `MFD_AXP20X_RSB`, draiva ya AXP803, ukidhani hutaihitaji. Mpaka draiva hiyo irudi, vyote hivyo vitaendelea kukaa kwenye foleni.

Kuhusu kununua iliyotumika: uliza toleo la bodi. Kabla ya 1.2a kuna kasoro kwenye USB-C, kuunganisha skrini ya nje hakufanyi kazi, na hilo halirekebishwi kwa draiva yoyote, ni la kushika pasi ya kulehemu na bodi. Betri isikutishe, inafanana na ya Samsung J7 ya 2015, kwa hiyo fundi wa Kariakoo au Luthuli ana uwezekano mkubwa wa kuwa nayo. Na kwa kazi za keneli pekee, toleo la GB 2 linatosha. GB 3 ni ya mtu anayetaka kufungua kivinjari pia.